Sura Yangu kwenye Kopo Lisilo Langu

Mlioniacha wiki iliyopita nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitazama moshi ukifuka pale palipokuwa chumba chetu cha kazi, mtanikuta hapo hapo. Sijainuka. Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, sogea, nitakueleza upesi.

Mimi ni mjane na kazi yangu ni kutengeneza siagi ya karanga. Nilianza na kinu, nikafika kwenye mashine, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama mkwe. Tuliuzia majirani mpaka supamaketi kubwa ilipotangaza kwamba inatenga rafu moja, karibu kabisa na mlango, kwa ajili ya bidhaa za wanawake wa hapa hapa wanaotengeneza wenyewe. Tukaomba, tukakataliwa kwa sababu ya vifuniko. Tukarudi, tukakubaliwa. Watu wakanunua, nami nikaanza kutembea kifua mbele.

Kisha mpira wa mtungi wa gesi ukavuja. Moto ukala chumba cha kazi na nusu ya paa la nyumba ya mama mkwe.

“Shukuru hakuna aliyekufa,” kila aliyepita aliniambia. Nilishukuru. Lakini kushukuru hakusagi karanga.

“Wifi, inuka,” wifi alisema. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, meno tu ndiyo yaliyoonekana.

“Mashine?”

“Mashine imebaki chuma cha kumpa muuza vyuma chakavu.”

“Karanga?”

“Zimekaangika vizuri sana. Hatujawahi kukaanga magunia yote kwa mpigo.”

Nikacheka. Wallahi nilicheka, mpaka kicheko kikageuka kilio, naye akaniacha nilie. Wifi yangu ana mdomo, lakini anajua wakati wa kuufunga.

“Na lebo?” niliuliza nilipopata pumzi.

Akainama kufunga kitenge chake upya. “Lebo nazo zimekwenda.”

Hapo moyo ukanidondoka zaidi kuliko kwa mashine. Lebo zile zilikuwa na picha yangu nikicheka. Supamaketi ndiyo iliyomleta mpiga picha na kugharamia uchapaji, kwa sababu, walisema, mteja wa rafu ile anataka kumwona mwanamke aliyetengeneza anachokula. Wenzangu wa rafu waliniita Mama Meno.

Simu ikalia kabla sijajipangusa machozi.

Alikuwa afisa wa manunuzi wa supamaketi, binti mmoja mwembamba tuliyempachika jina la Dada Vifuniko, maana kila bidhaa unayompelekea huipindua kwanza chini juu na kuitikisa karibu na sikio lake. Kikivuja kifuniko kimoja, mzigo wote unarudi. Tulimwogopa kama mwalimu wa hesabu. Lakini ndiye aliyeianzisha ile rafu, na ndiye aliyepigana tulipwe ndani ya wiki, si kusubiri msimu mzima kama wenye viwanda.

“Dada, nafasi yako kwenye rafu iko tupu,” alisema. “Kuna nini?”

“Tumechelewa kidogo tu.”

“Usichelewe wiki hii. Mkurugenzi anashuka kuikagua rafu, na waandishi wa habari watakuwepo. Wewe unajua haipendi. Anasema inakula nafasi ya sabuni. Anatafuta kosa moja tu aifunge.”

“Naelewa.”

“Wewe ndiwe unayeuza kuliko wote. Nataka pale pajae. Ijumaa asubuhi.”

“Patajaa, dada.”

Nikakata simu. Wifi alikuwa amenitolea macho.

“Umeahidi kwa mashine ipi, wifi? Ya kushonea?”

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Ungesema, dada, ninakaa juu ya ndoo?

Mama mkwe wakati huo alikuwa amehifadhiwa kwenye kochi la jirani. Ni mama aliyenipokea nikiwa bibi harusi, na mwanawe alipofariki hakuniambia rudi kwenu. Aliniita mwanangu, akaendelea kuniita hivyo. Kifua chake hakipendi moshi wala ubaridi. Na jirani, ambaye moto ulipowaka alilia kuliko sisi, sasa alikuwa ameanza kufagia chini ya miguu yake mara mbili kwa asubuhi moja.

“Mwanangu,” mama mkwe aliniambia nilipompelekea uji, “mimi hapa si mgeni tena, nimekuwa kiti kibovu. Nirudisheni kwangu hata kama hakuna paa.”

“Mvua zinakuja, Mama.”

“Basi zinikute kwangu.”

Nilitoka pale nikiwa na uji wake wote, hakuugusa.

Niliporudi nyumbani nikakuta gari limesimama uani. Mtu mmoja alikuwa akitembea juu ya majivu akiinua miguu kama jogoo, asichafue viatu. Tulimjua. Ana kiwanda cha kusindika vyakula, na miwani yake haijawahi kukaa machoni, hukaa kichwani. Watu humwita Bwana Miwani.

“Poleni sana, mabinti,” alisema.

“Tumeshapoa, mzee.” Wifi alimletea ile ndoo yangu akae. Hakukaa.

“Nitasema kwa kifupi. Mimi nina siagi, sina sura. Wewe una sura, huna siagi.”

“Sijakuelewa, mzee.”

“Umenielewa. Ile supamaketi imenikatalia kwenye ile rafu. Eti ni ya wanawake. Nikamtuma mke wangu. Yule binti wa vifuniko akamwuliza karanga hukaangwa kwa moto wa namna gani. Mke wangu akamjibu, kamwulize baba watoto.”

Wifi alicheka. Mimi nilitaka kucheka, nikajizuia.

“Nitajaza makopo kiwandani kwangu,” akaendelea. “Ninyi mnabandika lebo yenu, mnapeleka. Faida tunagawana. Na paa hili nalirudisha mimi.”

“Hapana, mzee.”

“Fikiria kwanza.”

“Nimefikiria. Wanaonunua siagi ile wananitazama usoni kila asubuhi. Siwezi.”

Alinitazama, akamtazama wifi, akatazama juu palipokuwa na mbingu badala ya paa. “Sura hailiwi, mama,” alisema, akaondoka kwa miguu yake ya jogoo. Dirishani mwa gari akamwambia wifi, “Nisalimie mama yako.”

Gari lilipotoka, wifi alinigeukia.

“Umekataa paa la mama yangu.”

“Nimekataa uongo.”

“Kwako ni uongo. Kwa mama yangu ni mahali pa kulala.” Sauti yake ilikuwa ndogo, na wifi akisema kwa sauti ndogo ndipo ujue ameumia. “Kaka yangu angekuwepo asingekataa.”

Ah! Alinichoma hapo hapo panapouma. Hatukusemezana tena siku ile.

Kesho yake nikaamua liwalo na liwe, nakwenda kusema kweli. Nikafika kwenye geti la nyuma la supamaketi, pale malori yanaposhusha mizigo. Dada Vifuniko alikuwa amepindua chupa ya asali, anaisikiliza kama anapigiwa simu.

“Dada, nilikudanganya,” nilimwambia. “Hatujachelewa. Tumeungua.”

Nikamweleza yote: moto, mashine, karanga, mama mkwe kwenye kochi. Kuhusu Bwana Miwani nilinyamaza. Nilikuwa nimeshamkataa, nikaona yamekwisha.

Akaiweka asali chini. “Kwa nini hukusema jana?”

“Niliogopa utanifuta.”

“Ningekufuta, ningebaki na rafu ya nini?” Alikasirika kweli. “Hawa wenye malori wakiunguliwa wana bima na wana ghala. Ninyi mna mimi. Sasa ukinificha mimi, una nani?”

Nikatazama chini.

Akatoa simu, akampigia mama mmoja mnene mwenye kicheko, mwenzetu wa rafu ile ile, tunayemwita Mama Jemu kwa sababu ya jemu zake za maembe na mananasi. Aliweka spika nisikie.

“Aje!” Mama Jemu alipayuka. “Chumba changu kina nafasi. Ila karanga zake zikae mbali na maembe yangu, sitaki mtu apake jemu asikie harufu ya mafuta.”

“Mashine ya kusagia?”

“Yule mama wa viungo anayo ya pili. Nikimwomba hawezi kukataa, nimemshonea binti yake gauni la harusi.”

Wenzangu, mimi nilishika ukuta. Nilikuja kufukuzwa, nikapewa chumba na mashine, na Dada Vifuniko akaniandikia ruhusa ya kulipwa makopo yaliyokwisha kuuzwa, nikanunue karanga.

“Na lebo?” niliuliza. “Zote zimeungua.”

“Bandika karatasi nyeupe, jina tu. Nitawaeleza wateja. Siagi ndiyo wanayokula, si karatasi.”

Nilikimbia nyumbani kumpa wifi habari. Nilitaka kumrukia shingoni, nimwambie nimekataa uongo na bado tumepata.

Nikamkuta juu ya ngazi.

Mabati! Mabati mapya, yanametameta mpaka nikaziba macho. Fundi anapigilia misumari, wifi anamwelekeza kwa kidole, na mama mkwe amekaa mlangoni kwenye kiti chake mwenyewe, anacheka kama mtoto.

“Mwanangu, umeona?” alinipungia. “Nimerudi kwangu!”

“Nani katoa?” nilimwuliza wifi.

“Ukoo umechanga.”

Ukoo. Ukoo ule ule ambao kwenye msiba wa mume wangu ulikula ukaaga. Ukoo umenunua mabati mazito namna hii, na misumari, na fundi, kwa siku moja.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kiini cha shida yangu. Swali lilikuja. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini mama mkwe alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nimechoka, na mawingu yalikuwa yamejikusanya. Nikalimeza. Nikasema, “Mungu awabariki.” Nikapokea paa lile kwa mikono miwili.

“Njoo basi tukasage,” nilimwambia wifi nilipomweleza habari za Mama Jemu.

Sikuona furaha niliyoitarajia. Alitazama misumari. “Umepata chumba?”

“Na mashine!”

“Hongera.” Akashuka ngazi taratibu. “Tangulia. Mimi nimsimamie fundi, akiachwa peke yake ataiba misumari.”

Hakuja siku ile. Wala iliyofuata. Kila nikimpigia, ni fundi, ni misumari, ni kifua cha mama. Nikafanya kazi na Mama Jemu. Nilichagua karanga mbovu moja moja, nikakaanga, nikapepeta, nikasaga, mkono ukakufa ganzi. Mama Jemu akipita na sufuria lake la maembe ananisukuma kwa nyonga: “Mama Meno, cheka, siagi itachacha!”

Siku zile nilikuwa na furaha, nawaambieni. Ni furaha ya mtu anayetembea juu ya mkeka, chini yake pana shimo, hajui.

Ijumaa tukapakia katoni zangu kwenye gari la Mama Jemu. Makopo yote yana karatasi nyeupe, jina nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, mengine mstari umekwenda upande. Nikavaa gauni langu zuri.

Tuliingilia mlango wa mbele, maana Mama Jemu alisema leo hatupiti nyuma kama wezi. Mimi nina katoni mikononi, yeye ana nyingine kichwani.

Nikaiona rafu.

Imejaa. Pale kwangu, pale nilipoambiwa pako tupu, pamejaa makopo kutoka chini hadi juu, yamepangwa kama wanajeshi. Na kila kopo lina sura yangu. Nacheka. Mimi makumi kwa makumi, nacheka nikijitazama.

“Mama Meno,” Mama Jemu alinong’ona, “haya yametoka wapi?”

Dada Vifuniko alitutokea mbio, uso unang’aa. “Dada, umenifurahisha! Nilikuwa kwenye kikao, walinzi wakaniambia wifi yako amekwisha kuleta. Na lebo zimepatikana! Sasa hizo nyingine za nini?”

Lebo zimepatikana. Lebo ambazo wifi aliniambia zimekwenda, nami nikadhani moto ndio uliozila.

Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa mwisho wa rafu, karibu na sabuni, amevaa vizuri, amemshika mkono mama mkwe. Amemleta mama wa watu aje kumwona mkwe wake akipigwa picha. Macho yetu yalipokutana, akatikisa kichwa polepole. Usiseme.

Na mabati yakanijia yote kwa pamoja, yakimetameta.

Kabla sijapiga hatua, mkurugenzi akafika. Mwanamume mrefu, suti, nyuma yake mwandishi mwenye kipaza sauti na mwingine mwenye kamera.

“Ndiyo huyu mwenyewe!” mwandishi alisema. “Mama wa kwenye kopo! Mama, tufungulie moja bosi aonje.”

Mtu akanipokea katoni, mwingine akanitia kopo mkononi. Dada Vifuniko, kwa mazoea tu, alilichukua, akalipindua chini juu akalitikisa sikioni. Nikamwona akiacha kutabasamu. Alikigusa kifuniko kwa kucha. Akalinusa kopo. Akaniinamia.

“Hiki kifuniko ni cha kiwandani,” alinong’ona. “Dada, hii ni yako?”

“Kuna tatizo?” mkurugenzi aliuliza. Ana masikio yule mtu.

“Hakuna, bosi.”

“Basi fungua.”

Nikafungua. Harufu ya mafuta yaliyokaa ikapanda. Mkurugenzi akachota kwa kijiko, akaonja, akakunja uso kidogo. “Tamu. Sukari nyingi. Hii ndiyo inayosifiwa?” Akanigeukia. “Mama, hii umetengeneza wewe?”

Kipaza sauti kikaja mbele ya mdomo wangu.

Nikiitikia, nimewadanganya wote wanaonunua kwa sababu ya uso wangu, na Bwana Miwani amekaa kwenye rafu ile maisha. Nikikana, wifi yangu yuko matatani, mbele ya mama yake, na mkurugenzi amelipata kosa lake, na Mama Jemu aliyenipa chumba anakosa rafu, na yule wa viungo aliyenipa mashine, na wa asali, na wote.

“Mama?” mwandishi alisema.

“Si yangu,” nilisema.

Sikupanga. Ilitoka tu.

“Yangu ni ile.” Nikaonyesha katoni yenye karatasi nyeupe. “Hii sijui imetengenezwa wapi.”

Mama Jemu alifumba macho. Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatabasamu.

“Kwa hiyo rafu ya akina mama inauza mali ya watu tusiowajua,” alisema taratibu, akihakikisha kipaza sauti kinasikia. “Nani aliyeleta?”

Nikanyamaza. Hilo nililiweza. Nilisema moyoni, kusema kweli nimesema, kumtaja ndugu sitamtaja.

“Mimi.”

Wifi alisogea mbele. Kichwa chake kilikuwa juu, na mimi, mjinga mimi, nilimwonea fahari. Nikasema moyoni, huyu ndiye wifi yangu.

“Mimi ndiye niliyeleta,” alisema. “Lakini hiyo sura kwenye kopo si yangu. Ni yake. Tulipanga wote wawili, uani kwetu, na mwenye kiwanda akiwa amesimama mbele yetu. Leo ameona kamera, ananikana.”

Nikamgeukia.

“Wifi!”

“Usiniite wifi. Umelala chini ya yale mabati au hukulala?”

“Nimelala, lakini...”

“Mnasikia?”

Dada Vifuniko alikuwa bado amenishika kiwiko. “Mwenye kiwanda gani? Yule wa miwani?” aliniuliza. “Alikuja kwako? Na siku ile ulipokuja kunieleza yote, hili hukunieleza?”

“Nilimkataa! Nilimkataa, ndiyo maana sikuona haja...”

“Yuko mtu aliyesikia ukimkataa?”

Alikuwepo mmoja tu, naye ndiye aliyenishtaki.

Mama mkwe akajikokota kutoka kwenye sabuni, kitenge chake kipya kikiburuta. Watu wakampisha. Nikapata pumzi. Huyu hasemi uongo. Huyu hata jirani alipomwuliza kama kochi linamuumiza, alisema linaniumiza. Yeye anajua nilivyoshangaa kuyaona mabati yale. Alikuwepo mlangoni.

Mkurugenzi akamwinamia kwa heshima. “Mama, wewe ni nani wao?”

“Huyu nimemzaa. Huyu ni mke wa mwanangu.”

“Huyu mkwe wako alijua habari za mzigo huu?”

Mama mkwe alimtazama binti yake. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yakanikwepa, yakatua kwenye viatu vyangu.

“Alijua,” alisema.

Dada Vifuniko akauachia mkono wangu.

Sikulia. Nilimsikia mkurugenzi akiagiza makopo yote ya rafu yaondolewe, ya kila mtu, mpaka uchunguzi uishe. Nilimsikia Mama Jemu akisema, “Na jemu zangu? Jemu zangu zimekosa nini?” na hakuna aliyemjibu. Walinzi wakatupandisha ghorofani, mimi na wifi, na mama mkwe nyuma yetu akipumua kwa shida kwenye ngazi.

Walituketisha kwenye benchi la ukumbi, nje ya ofisi. Mlango umefungwa, ndani sauti zinabishana, ya Dada Vifuniko ndiyo iliyokuwa juu. Wifi alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine, mama mkwe katikati.

“Mama,” nilisema, “nimekukosea nini?”

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

“Hujanikosea kitu, mwanangu.”

“Basi kwa nini?”

“Wakimchukua yeye peke yake, atavunjika. Namjua, nimemzaa. Mdomo tu ndio mkubwa.” Alikohoa, akameza. “Mkiwa wawili, lawama inagawanyika. Na ukitaka kunisaidia zaidi, mwanangu, ukiingia humo ndani, ichukue yote. Sema ni wewe. Watakukemea, watakufukuza, utaanza tena. Ulishazika mume ukaanza tena. Wewe umezoea kubeba.”

Nilimtazama mama huyu niliyempikia, niliyemwogesha akiumwa, ambaye nilikataa kuolewa tena ili asibaki peke yake. Hakuwa akinichukia. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa akiniomba kama mtu anavyomwomba mwanawe mkubwa amwachie mdogo kitanda.

Na lile swali nililolimeza siku ya mabati likanipanda tena kooni. Je, nilijua? Wifi amenizulia, sikupanga naye neno. Lakini nilipoyaona yale mabati na nikachagua kutouliza, nilikuwa sijui, au nilikuwa sitaki kujua?

Upande wa pili wa benchi wifi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mabega yanamtikisika. Sikujua kama alimsikia mama yake.

Sauti ndani zikakatika ghafla. Mlango ukafunguka. Dada Vifuniko akasimama pale, macho mekundu, hakumtazama yeyote kati yetu.

“Polisi wameitwa,” alisema. “Mkurugenzi anataka kumsikia mmoja kabla hawajafika. Mwenye mzigo. Ni nani?”

Mama mkwe akanibana vidole.

Nikasimama.

Na wifi naye, akiutupa mtandio chini, akasimama.